Ramani ya Uso wa Domitille

Bujumbura, 27 Aprili 1964

Baba Anne,

Nimefika, nimekula, nimepewa kitanda, na pua yangu bado ninayo. Naanza na hilo kwa sababu nakujua: utaipasua bahasha hii ukiwa umesimama mlangoni, na mpaka uhakikishiwe kwamba pua ipo hutakubali kukaa.

Hospitalini watu walinitazama kama wanavyonitazama popote, kwanza ngozi, kisha kidonda, kisha ngozi tena. Kwetu Uvira angalau wamenizoea, wanajua Domitille alizaliwa mweupe kwa wazazi weusi na hakuna la kuongeza. Hapa mtoto mmoja aliniuliza kama mimi ni mzungu niliyeungua na jua. Nikamwambia habari ya jua umepatia.

Daktari anaitwa Hennaux, Mbelgiji mrefu, mpole, aliyesomea Amerika namna yake ya kukata. Kiswahili hajui hata neno, kwa hiyo muuguzi Mrundi anayeitwa Florentine anatutafsiria. Alikitazama kidonda kwa kioo cha kukuza, akakibonyeza pembeni, kisha akataja jina ambalo mimi nilikuwa nalo moyoni tangu mwaka jana. Ni kansa ya ngozi. Ndiyo ileile ya kaka yangu Mathieu.

Nilimweleza yote. Nilimwambia Mathieu alikuwa na ngozi kama yangu, akakatwa shingoni mara moja tu, akashonwa, akarudishwa nyumbani kwa shangwe, na baada ya mwaka kitu kikaota tena chini ya kovu, kikamwua akiwa na miaka ishirini na tisa. Nikamwambia mama yangu anaamini kidonda kikikatwa kinakasirika. Alisikiliza hadi mwisho, hakucheka. Akasema kwa mdomo wa Florentine: «Waliomkata kaka yako walikata walichokiona. Shida iko kwenye mizizi, na mizizi haionekani kwa macho.»

Yeye anafanya hivi. Anapaka dawa kali inayokausha nyama. Kesho yake anakata utando mwembamba kama ganda la kitunguu, anautia rangi pembeni ili ajue juu ni wapi na chini ni wapi, kisha anauweka chini ya hadubini na kuusoma wote. Anachora alichokiona. Palipo na mzizi anapaka tena, anakata tena, hapohapo tu, na pasipo na mzizi hagusi. Anaendelea hivyo hadi usibaki hata mmoja. Inaweza kuchukua wiki nyingi. Nimekubali.

Kidonda chenyewe si kikubwa, ni kama harage. Mwambie Anne ndagala zilizobaki kwenye mkeka wa kuanikia samaki aziuze, asizipikie paka.

Mkeo,
Domitille


Uvira, 4 Mei 1964

Mama Anne mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara nne, ya kwanza kweli nikiwa mlangoni. Anne anakusalimu. Paka amenenepa, sababu naichunguza.

Huku ni shwari. Kule bondeni ndiko kumeharibika kidogo, familia kutoka Luberizi zinapita na magodoro kichwani, lakini hapa mjini shule inaendelea na wavuvi wanatoka. Mama mkwe nimemwandikia aje akae nasi. Amejibu kupitia Damien, katekista wa Runingu, kwamba mpunga wake umeiva na hajawahi kukimbia akiwa na mpunga shambani. Ameuliza kama umeshakatwa. Nimemwambia bado, maana sikutaka alie mbele ya katekista.

Sasa nina ombi, usinicheke. Siwezi kutulia bila kujua kitu kiko wapi. Ukiniambia «puani», mimi nauliza pua ipi, upande gani, kimetoka wapi na kinaelekea wapi. Ni miaka kumi na miwili nafundisha jiografia, ugonjwa wangu ndio huo. Daktari akichora, tafadhali ninakilie. Niweke pande zote nne za dunia, nijue adui yuko wapi.

Namna ya kukata kidogo na kuangalia imenipendeza. Mtu huyo angefaa kusahihisha mitihani.

Mumeo,
Placide


Bujumbura, 11 Mei 1964

Mwalimu wangu,

Umeomba ramani, umepata. Nimeinakili kwa penseli kutoka karatasi ya daktari, na rangi nimeazima kwa Florentine. Kwa kuwa wewe huelewi kitu kisicho na mlima, nimekupa mlima. Ukinitazama usoni, mlima uko magharibi na ziwa liko mashariki, na kidonda kimekaa katikati kwenye ufukwe mwembamba, kama Uvira yetu. Hutapotea.

Alhamisi iliyopita ndiyo tuliingia mara ya kwanza. Dawa inauma, nisikufiche, inauma kama kaa la moto lililosahaulika hapo. Kukata kwenyewe sikukusikia. Daktari alirudi baada ya saa mbili na karatasi yake. Florentine akanitafsiria neno kwa neno: kusini mpaka ni huru, magharibi mpaka ni huru, lakini kaskazini, njia ya kwenda ziwani, bado wapo. Ndiyo hiyo sehemu nyekundu; palipo safi nimepaka bluu. Daktari anasema wamejificha chini zaidi kuliko alivyodhani. Alhamisi ijayo tutaingia tena upande huo tuwamalize.

Nilipoona rangi nyekundu ni kidogo nilifurahi, nikaimba. Mgonjwa wa kitanda cha pili, bibi wa Gitega, akaniuliza kama nimeruhusiwa kurudi nyumbani. Nikamwambia bado, ila kusini nimeshapata uhuru.

Barua hii nampa Manirakiza, yule Mrundi wa chumvi anayevuka kwa baiskeli. Anasema ana mzigo wa kungoja, atavuka wiki ijayo.

Wako,
Domitille


Poste ya barabara ya Bujumbura, 20 Mei 1964

Kwa Mwananchi Domitille, hospitalini, Bujumbura.

Tarehe 15 ya mwezi huu mji wa Uvira tumeukomboa kutoka mikononi mwa serikali. Tangu siku hiyo barua zote zinazopita kwenye poste yetu, kizuizi cha barabarani, zinasomwa, na msomaji ni mimi.

Juzi tumemkamata muuza chumvi anayeitwa Manirakiza akiwa na barua yako, na ndani yake ramani. Ramani inaonyesha mlima magharibi, ziwa mashariki, na mji katikati. Umeandika kwamba mpaka wa kusini ni huru na kwamba kaskazini «bado wapo, wamejificha». Umeandika kwamba Alhamisi «mtaingia tena muwamalize». Kaskazini ya Uvira kuna sisi. Natumaini unaelewa kwa nini sikulala vizuri.

Muuza chumvi tumemwachia, hajui kusoma, ndiye anayekuletea karatasi hii. Mume wako Placide, mwalimu, yuko kwetu. Anasema mlima ni pua yako na ziwa ni jicho lako. Nimekuwa karani wa pamba miaka tisa, nimesikia visingizio vya kila aina, lakini cha pua ni mara ya kwanza.

Nieleze «daktari» ni nani kwa jina lake la kweli, na ni nani walio kaskazini. Nakupa hadi Jumanne tarehe 26. Baada ya hapo faili linapanda kwa wakubwa, na likishapanda mimi sina tena la kusema.

Félicien, Komanda wa Poste


Bujumbura, 22 Mei 1964

Komanda Félicien,

Ni pua.

Daktari ni daktari. Walio kaskazini ni mizizi ya kansa, na kaskazini ni juu, karibu na jicho langu la kushoto. Mpaka ni pale nyama mbaya inapokwisha na nyama nzima inapoanza. Wazungu wana neno lao, muuguzi akalitafsiri hivyo, mimi nikaandika nilivyoambiwa. Milima na ziwa niliweka mimi kwa utani, kwa kuwa mume wangu anapenda ramani kuliko chakula. Sikujua kwamba mji umebadilika mikono. Barua niliiandika siku nne kabla yenu, tazama tarehe.

Naona maneno hayatakutosha, na mimi pia yasingenitosha kama ningekuwa wewe. Basi Jumatatu nitakuja na pua yenyewe.

Ujue tu ninachokiacha. Mara ya pili nimeshakatwa, na bado wapo, wamepanda juu zaidi. Jumatatu hiyohiyo ndiyo daktari alipanga kupaka dawa tena. Ananiambia kidonda kiko wazi na barabara ina vumbi, na nikivuka nisiweze kurudi, mizizi itaingia jichoni, kisha ndani. Kaka yangu iliingia ndani vilevile kutoka shingoni, najua kunavyokuwa. Daktari amenipa siku moja. Ninaogopa, Komanda, sikufichi. Lakini mume ninaye mmoja.

Ukishaniona, niache nirudi. Ndilo ombi langu lote.

Domitille, mke wa Placide


Uvira, 27 Mei 1964

Mama Anne,

Niko nyumbani. Anne amenishika shati tangu juzi, hata sasa ninaandika kwa kunyoosha shingo.

Dakika zile tano tulizopewa pale uani nimezikumbuka hadi nimeona aibu. Wewe ulikuwa unalia, na mimi, mtu mzima, nikakueleza bei ya ndagala. Nilikuwa na mengine ya kusema lakini mdomo ulichukua lililokuwa karibu. Basi nayasema sasa. Nilikudanganya niliposema huku ni shwari, tulikuwa tunasikia bunduki tangu mwisho wa Aprili. Kule stoo walikotufungia tulikuwa watu saba. Jumapili mmoja aliitwa na hakurudi. Tangu hapo kila mlango ulipofunguliwa nilisema moyoni, Domitille, ni mimi niliyeomba ramani, si kosa lako. Nilitaka ujue hilo hata kama nisingepata karatasi.

Na wewe pia umenidanganya. Uliandika harage. Bandeji niliyoiona inaanzia puani na kuishia kwenye kope, na chini yake shavu limevimba. Mama Anne, harage gani hilo?

Niambie pia uliwafanya nini. Mimi nilikuwa ndani, sikuona kitu. Nilisikia sauti yako, kisha kimya kirefu mno, hata nikajua basi tumekwisha. Halafu mtu akacheka. Halafu nikaitwa kwa jina.

Uliwahi kurudi? Dawa ilipakwa? Niandikie hata mstari mmoja.

Placide wako


Bujumbura, 6 Juni 1964

Baba Anne,

Nilirudi siku ileile. Daktari Hennaux alikuwa amesimama kwenye ngazi za hospitali na koti lake jeupe kama mtu anayengoja basi. Hakunisema. Aliosha vumbi mwenyewe kwa muda mrefu, kisha akapaka.

Unauliza niliwafanya nini. Sikuwafanya kitu. Nilifika pale poste, vijana wawili wakanielekezea bunduki, kisha wakaona ngozi yangu na bandeji, bunduki zikashuka kidogo. Komanda akatoka. Nilitarajia mtu mkubwa. Ni mwembamba, ana miwani iliyofungwa kwa uzi, na karatasi yangu alikuwa nayo mkononi.

«Weye ndiye Domitille?»

«Ni minye.»

«Basi onyesha hiyo mulima yako.»

Nikakaa kwenye sanduku la risasi, nikafungua bandeji mwenyewe. Ilikuwa imeshika, nikaivuta polepole. Nilijua kinachoonekana, Baba Anne. Nilikuwa nimejitazama kwenye kioo cha Florentine siku moja kabla na nikatapika. Ubavu wa kushoto wa pua haupo. Harage lilikuwa uongo, lilikuwa uongo tangu nyumbani, nilikuwa nalifunika na kitambaa ili usinizuie au usinililie. Nisamehe.

Kimya ulichokisikia ndicho hicho. Kijana mmoja akageuza uso. Komanda hakugeuza. Akasogea, akaweka karatasi karibu na shavu langu, akaigeuza huku, akaigeuza kule, hadi mlima ukakaa puani. Kisha akafuata mstari kwa kidole bila kunigusa, kusini, magharibi, akafika kwenye rangi nyekundu chini ya jicho, akasimama hapo.

«Na hawa ya kaskazini,» akasema, «bado iko?»

«Bado iko, Komanda.»

«Muganga anaweza kuwatosha?»

«Anasema anaweza kuwatoa wote, kama mutanirudisha leo.»

Ndipo akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na maji. Akaniambia, «Mama, minye niliweka watu makumi mbili kule kaskazini wangojee hii pua yako siku tatu, na mvua.» Vijana nao wakacheka. Mimi nililia, kwa sababu ndipo nilipojua kwamba utatoka.

Akaniandikia hati ya kupita, kwenda na kurudi, na masharti mawili. Barua zetu ataendelea kuzisoma. Na nisiandike tena mpaka, kaskazini, ramani wala kuingia, kwa maana si kila poste ina msomaji mwenye subira. Komanda, najua unasoma hapa. Nakushukuru kwa mume wangu. Lakini yule aliyeitwa Jumapili naye alikuwa na mtu wake, na hilo sitaacha kulisema kwa sababu umenifanyia wema.

Sasa habari mbaya, nimeiweka mwisho kusudi. Jana nilikatwa mara ya nne. Bado wapo, juu, kidogo sana, ncha ya sindano tu. Daktari atakata mara moja tena kabla ya kufika kwenye kope. Akikuta tena, itabidi jicho litoke. Amenieleza kwa upole, na Florentine alipotafsiri sauti yake ilikatika, ikabidi mimi nimtulize yeye. Ni wiki ijayo, Ijumaa. Msali rozari, wewe na Anne, na Komanda naye kama anasali.

Domitille


Bujumbura, 17 Juni 1964

Baba Anne,

Haipo.

Ijumaa alikata, Jumamosi akasoma. Hakuja na karatasi kama siku zote. Alipita kitandani kwangu akarudi kwenye hadubini, akapita tena akarudi tena, hadi bibi wa Gitega akaniambia, mwanangu, huyo mzungu ana tumbo la kuendesha. Mimi nilikuwa nimeshalishika jicho langu kwa kiganja, nalitunza. Jumatatu akamwita daktari mwenzake naye asome. Jana asubuhi wakaja wote wawili, na Florentine nyuma yao anakimbia na viatu mkononi.

Karatasi haina nyekundu. Yote ni bluu.

Komanda, nisamehe, nimetafuta neno lingine siku nzima na halipo, utanivumilia mara hii moja tu: mpaka ni safi. Ni safi pande zote. Jicho linabaki.

Nitakaa hapa wiki nyingine sita. Kidonda kikae, kisha watachukua ngozi ya shavuni wanishonee ubavu wa pua. Daktari amesema sitakuwa mrembo. Nimemwambia sikuwa hata zamani, lakini nilikuwa mzima kidogo, na hiyo ndiyo ninayoitaka.

Baba Anne, nina njaa. Tangu Aprili sijasikia njaa ya kweli. Leo nimekula sahani yangu na nusu ya sahani ya bibi.

Domitille

[Kwa kalamu nyekundu, chini ya ukurasa:] Imesomwa. Ipite mbio. F.


Uvira, 19 Juni 1964

Mama Anne wangu,

Habari ilifika kabla ya barua, na sasa nakuambia ilivyofika, maana mji mzima unalizungumza jambo hili na lawama ni zako.

Jana nilikuwa darasani na watoto tisa waliobaki. Komanda alipoisoma barua yako hakungoja mtu wa kuipeleka. Alimweka mmoja wa vijana wake juu ya baiskeli na kumwambia, kimbia kwa mwalimu, umwambie. Kijana akafanya alivyoambiwa. Aliingia mjini akipiga kengele na kupaza sauti kuanzia kanisani hadi shuleni: «Mwalimu! Mwalimu! Mpaka iko safi! Mpaka iko safi pande zote!»

Wewe na mimi tunajua maana yake. Watu walisikia kingine. Hii ni wiki ya tano mpaka wa Burundi umefungwa, hakuna anayevuka, kila nyumba ina mtu wake Bujumbura au ina sababu ya kwenda. Kabla kijana hajafika shuleni, njia ilikuwa imejaa. Jirani yetu Célestine alitoka na cherehani yake kichwani, nguo ya mteja ingali imening'inia kwenye sindano. Wavuvi waliacha nyavu. Padri mwenyewe alionekana na sanduku. Nilipochungulia dirishani niliona mji wote unaelekea kwenye barabara ya Bujumbura, na kijana katikati yao anazungusha mikono na kusema hapana, hapana, ni pua, ni pua ya bibi ya mwalimu!

Mimi nilikaa chini, pale mbele ya ubao. Watoto walidhani naumwa. Nililia, Domitille, nililia kwa sauti kama mtoto, na Anne akaja kutoka kwenye benchi lake akakaa kwenye mapaja yangu mbele ya wenzake wote. Nilimwambia mama yako amepona. Akaniuliza kama ni kweli kabisa au ni kweli ya watu wakubwa. Nikamwambia ni kweli kabisa.

Watu waligeuzwa kule poste bila mtu kuumia. Naambiwa Komanda alisimama juu ya meza akawasomea barua yako kwa sauti, kuanzia «haipo» hadi kwenye sahani ya bibi, na waliokuja na hasira wakaondoka wanapangusa macho. Célestine bado hanisemeshi. Cherehani imempa maumivu ya shingo.

Njoo. Usinieleze utakavyoonekana. Njoo tu.

Placide


Uvira, 2 Agosti 1964

Mama yangu Georgette,

Barua hii atakusomea Damien. Nimeiandika kwa herufi kubwa kwa sababu ya miwani yake.

Nimerudi. Nilivuka jana kwa miguu, na hati ya kupita mkononi. Yule Komanda hayupo tena poste, wamempeleka kwingine, wala sikupata wa kumwuliza. Placide alikuja kunipokea na mwavuli, mchana kweupe, bila wingu. Amenikataza jua. Amesema ndagala nitaanika alfajiri na kuanua kabla ya saa mbili, na yeye mwenyewe atasimama na saa. Nimemwacha aseme, ninajua atachoka.

Nilikuwa namwogopa Anne kuliko nilivyoogopa kisu. Nilijifunika kitenge hadi ndani ya nyumba. Akasema, «Mama, tosha.» Nikakitoa. Alinizunguka, akanitazama puani, akatazama kovu la shavuni, akanusa dawa. Kisha akasema, «Aliyekushona anashona muzuri kuliko Mama Célestine.» Placide akatoka nje haraka. Mimi nilicheka, na nilipocheka uzi wa mwisho ukavuta, nikapiga kelele, tukacheka tena.

Mama, hukutaka nikatwe. Ulinishika mkono pale kwako Runingu ukaniambia umeshazika mmoja mweupe na huna nguvu za kuzika wa pili. Niliondoka nikidhani labda unasema kweli. Mathieu walimkatia alichokuwa nacho juu, wakaacha cha chini, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyetazama. Mimi wametazama mara tano. Daktari alinipa hadubini nami nikatazama, Mama, kwa jicho hilohilo lililonusurika kutolewa. Niliona nyama yangu ni bluu na imetulia, haina kitu.

Nina miaka thelathini na minne. Katika nyumba yetu hakuna mweupe mwingine aliyewahi kuipita thelathini. Bonde likitulia nitakuja kukusaidia kupepeta, na kofia, na mwavuli wa Placide.

Damien, mstari unaofuata umsomee mara mbili, na mara ya pili usome polepole, umshike mkono.

Mama, mizizi haikubaki hata kidogo.

Mwanao,
Domitille